Uzi: Kodi ya Uingereza ni 45, Monaco ni sifuri. Mbona Waingereza ndio wanaosajili?

Karani_wa_Mishahara

Wakuu, habari za usiku.

Jumamosi nilikuwa banda umiza huku Mbagala, jero yangu mkononi, feni moja kwa watu kama themanini. Wakati wa mapumziko jamaa wawili mbele yangu wakaanza kubishana. Mmoja anasema timu za Italia zimebanwa kwa sababu serikali yao imefuta nafuu ya kodi kwa wageni. Mwenzake anamjibu kwamba kodi ni stori za wahasibu, mchezaji anafuata mpunga. Sasa mimi ndiye mhasibu wa stori hizo, mwaka wa 14 huu natengeneza mishahara ya watu kwenye ofisi moja hapa mjini. Nikashindwa kunyamaza. Nikaomba kalamu kwa dogo wa mlangoni, nikaandika nyuma ya pakiti ya sigara. Pakiti yenyewe imepotea, nimeona nilete huku kabla sijasahau.

Kitu cha kwanza: sisi ukiajiriwa unaambiwa mshahara ghafi, makato utajijua mwenyewe. Hispania na Italia wakala wa mchezaji mkubwa kwa miaka mingi hakai mezani hivyo. Anasema mteja wangu anataka milioni 5 mkononi, kodi ni shauri yenu. Kwa hiyo kodi ikipanda mchezaji hasikii kitu, anayelia ni klabu.

Chukua mtu anayetaka yuro milioni 5 safi kwa mwaka. Nimeacha kodi ndogo za mikoa na michango ya hifadhi ya jamii tusije tukapotea. Klabu inatoa:

Monaco (0%): 5
Urusi enzi za klabu ya Anzhi (13%): 5.75
Uturuki hadi 2019 (15%): 5.88
Italia kwa mgeni, kuanzia 2019 (nusu ya mshahara haitozwi, nusu inatozwa 43%): 6.37
Hispania enzi za sheria ya Beckham, nafuu ya wageni (24%): 6.58
Italia kwa Muitaliano (43%): 8.77
Uingereza sasa (45%): 9.09
Uingereza 2010 hadi 2013 (50%): 10

Nasikia vijiweni watu wanachukua 5, wanajumlisha asilimia 45 juu yake, wanapata 7.25. Mkaguzi atakucheka. Unagawa 5 kwa 0.55. Asilimia inakatwa kwenye kikubwa.

Mchezaji mmoja, miguu ileile, bei ya Uingereza ni karibu mara mbili ya Monaco. Halafu angalia nani anasajili kila Agosti. Karibuni.

---

Chuma_cha_Reli

Nimekaa pale na kahawa yangu. Wachumi waje.

---

Kanzu_Nyeupe

Mleta uzi umeandika vizuri ila unatuharibia historia. Ronaldo alikuja Madrid 2009 kwa mapenzi, alikuwa anaiota tangu mtoto. Usituletee mambo ya asilimia.

---

Karani_wa_Mishahara

@Kanzu_Nyeupe mapenzi sikatai, hata mimi nilioa kwa mapenzi ila mahari nililipa.

Angalia tarehe. Amri ya Hispania ilitoka 2005: mgeni anayehamia kufanya kazi, ambaye hakuwa mkazi wa nchi kwa miaka 10 iliyopita, anakatwa 24% bapa, kwa hadi miaka sita. Haikuandikwa kwa ajili ya wachezaji. Walilenga mameneja, wahandisi na wanasayansi. Beckham alishakuwa Madrid tangu 2003, jina likamganda tu kwa sababu ndiye mgeni maarufu kuliko wote nchini.

Sasa, Aprili 2009 serikali ya Uingereza inatangaza kwamba kuanzia mwaka unaofuata kiwango cha juu kitakuwa 50%. Kiangazi hichohicho Madrid wanawachukua Ronaldo, Kaká na Benzema. Na Hispania nao wakatangaza kwamba kuanzia 2010 anayezidi yuro laki sita kwa mwaka hatapata tena ile 24, ila waliokwisha kuingia waendelee. Yaani mlango ulikuwa unafungwa, wakapita wa mwisho mwisho.

Rudi kwenye jedwali langu: kwa kila milioni 5 za mkononi, Manchester United ingelazimika kutoa 10, Madrid 6.58. Tofauti ni 3.42 kwa mwaka. Mkataba wa miaka mitano ni milioni 17.1. Mapenzi yamo, ila hayo mapenzi yalikuwa na punguzo.

---

Kanzu_Nyeupe

Punguzo 😂😂 haya mkuu.

---

Bi_Takwimu

Karani nakuheshimu, lakini jedwali lako linajipinga. Mwaka 2019 fainali zote mbili za Ulaya zilikuwa za Waingereza watupu. Liverpool na Tottenham pale Madrid, Chelsea na Arsenal kule Baku. Kodi 45%. Urusi ya 13% ilikuwa wapi? Anzhi walimleta Eto'o 2011, ikatangazwa ndiye anayelipwa zaidi duniani, miaka miwili tu mwenye timu akabana bajeti na mastaa wakauzwa kama nguo za mtumba. Kama kodi ndiyo injini, Makhachkala, mji wa Anzhi, ingekuwa makao makuu ya mpira.

---

Karani_wa_Mishahara

Bi Takwimu, hapo ndipo nilipotaka tufike, umenifungulia geti.

Kodi inaamua pale klabu mbili zinapokuwa na mifuko inayolingana. Madrid na Manchester 2009, mifuko sawa, asilimia ikaamua. Lakini kama mfuko wa mmoja ni gunia na wa mwenzake ni bahasha, asilimia haina cha kuamua. Na gunia la Waingereza limeshonwa na televisheni.

Msimu wa 2023/24 Manchester City mabingwa walipata kwenye mgao wa ligi kama pauni milioni 176. Sheffield United walioshika mkia, waliofungwa na kila mpita njia, walipata karibu milioni 110. Soma tena hiyo ya pili. Timu iliyoshuka daraja. Ukishaweka mezani milioni 110 kabla hujauza tiketi hata moja, ile tofauti ya 6.37 na 9.09 unailipa huku unapiga miluzi.

Siri haiko kwenye ukubwa tu, iko kwenye kugawa. Tangu 1992 ligi ya Uingereza inauza kwa pamoja. Nusu ya pesa za ndani inagawanywa sawasawa, robo kwa nafasi mliyoshika, robo kwa mechi zenu zilizoonyeshwa. Hispania walikuwa wanauza kila mtu kivyake: Barcelona na Madrid kila mmoja takriban yuro milioni 140 kwa mwaka, wadogo wa chini hawafiki 20. Mpaka serikali ilipotoa amri Aprili 2015 kwamba sasa mnauza pamoja. Kwa hiyo enzi za punguzo la Beckham, punguzo lilikuwepo kwa wote ila wenye hela ya kwenda nalo dukani walikuwa wawili. Getafe angepewa hata kodi sifuri angemleta nani?

---

Mjukuu_wa_Kisumu

Sasa wasee wa Bongo, niko hapa Nairobi nasoma tu. Mmesahau kisa kitamu kuliko vyote: Rangers ya Glasgow. Nakumbuka vizuri kwa sababu Wanyama wetu alikuwa Celtic.

Iko hivi. Kuanzia 2001 Rangers wakawa wanalipa wachezaji kupitia mifuko ya amana. Kwenye karatasi ni mkopo. Mchezaji anakopeshwa, na mkopo haukatwi kodi. Sijui ni nani alitarajia kwamba kuna siku beki wa kati atarudisha. Zaidi ya pauni milioni 47 zilipita hiyo njia hadi karibu 2010. Kwa miaka hiyo yote wakawa wanasajili watu ambao kwa mshahara wa kawaida, uliokatwa, hawangewaweza. Celtic upande wa pili analipa kodi kama mjinga.

Watu wa kodi wakaja. Mwenye timu, kwa kuogopa deni, akaiuza klabu 2011 kwa pauni MOJA. Mnunuzi naye akawa anakata makato ya wachezaji na hapeleki serikalini. Tarehe 14 Februari 2012, siku ya wapendanao, wakawekwa chini ya msimamizi. Kampuni ikafilisiwa, timu ikaanza upya daraja la nne, wanaenda kucheza viwanja vya vijijini. Novemba mwaka huohuo Wanyama anapanda kwa kichwa dhidi ya Barcelona, Celtic wanashinda 2-1. Nilikuwa pub Ngong Road, sikulala.

Mahakama ya juu ya Uingereza ilikuja kusema neno la mwisho 2017: ule ulikuwa mshahara, lipeni kodi. Kufikia hapo ile kampuni ilishazikwa miaka mitano.

---

Chuma_cha_Reli

Mkopo wa beki wa kati nimecheka hadi mke kaamka.

---

Karani_wa_Mishahara

@Mjukuu_wa_Kisumu asante sana kaka, hiki nilikiacha kwa makusudi kwa sababu ni kirefu na wewe umekifupisha vizuri. Naongeza kitu kimoja: sasa hivi Scotland wana kiwango chao, 48% tangu Aprili 2024, wakati kusini ni 45. Mchezaji anayetoka Celtic kwenda hata timu ya katikati ya Uingereza anaongezewa mshahara na anapunguziwa kodi kwa pamoja. Hapo mzani umelalia upande mmoja mara mbili.

---

Mpemba_wa_Lyon

Assalaam alaykum. Naishi Ufaransa mwaka wa kumi na mbili, nieleze ya huku kwa ufupi.

Rais Hollande alipoingia aliahidi 75% kwa mapato yanayozidi yuro milioni moja. Baraza la katiba likaikataa mwisho wa 2012, akaigeuza: badala ya kumtoza mfanyakazi, anatozwa mwajiri. Yaani klabu. Klabu zikasema basi hatuchezi, zikatangaza kugoma wikiendi moja mwishoni mwa Novemba 2013, mgomo wa kwanza wa aina hiyo tangu 1972. Mwishowe waliahirisha, wakalipa. Kodi yenyewe ikaisha baada ya miaka miwili, mwisho wa 2014.

Kioja kilikuwa Monaco. Inacheza ligi ya Ufaransa, lakini si Ufaransa. Mfaransa akiishi pale bado anatozwa na Paris kwa mkataba wa 1963, ila Mkolombia au Mreno hatozwi hata senti. Kiangazi cha 2013 wamepanda daraja, tajiri Mrusi anawanunua Falcao, James na Moutinho. Mimi bosi wangu, mzee wa Saint-Étienne, alikuwa akiona gari la Falcao kwenye gazeti anavua miwani na kuifuta. Ligi ikawaambia hamisheni ofisi zenu zije Ufaransa. Wakakubaliana Monaco walipe yuro milioni 50 yaishe. Klabu nyingine zikakataa, na mwaka 2015 baraza la dola likayafuta makubaliano yenyewe.

Na pamoja na kodi sifuri, Monaco wamechukua ubingwa mara moja tu tangu hapo, 2017. Mengine mengi PSG, anayelipa kodi na michango yote ya Ufaransa bila kupepesa, kwa sababu tangu 2011 mwenye mfuko ni Qatar. Karani kasema kweli, gunia na bahasha.

---

Bi_Takwimu

@Mpemba_wa_Lyon na hao wengine wa Ufaransa je? Lens, Nantes, hao?

---

Mpemba_wa_Lyon

Hao dada yangu ndio wanaoumia kweli. Kodi na michango palepale, halafu televisheni ikawakimbia. Mkataba wa Mediapro, kampuni ya matangazo, ulikuwa zaidi ya yuro milioni 800 kwa msimu, ukaanza Agosti 2020, Oktoba jamaa hawalipi, Desemba umekufa. Watu walishasajili kwa hesabu ya pesa hiyo. DAZN wakaja 2024, msimu mmoja wakaaga. Sasa ligi imefungua chaneli yake yenyewe, inauza mwezi kwa mwezi kama duka la mangi.

---

Dogo_wa_Limburg

Mimi niko Ubelgiji, karibu na Genk, nabeba maboksi ghalani lakini mpira naujua. Mnajadili mastaa tu. Njooni kwa Samatta.

Mnajiuliza kwa nini alitoka TP Mazembe Januari 2016 akaja Genk na si Uholanzi, na Uholanzi ni mwendo wa dakika ishirini kutoka hapa? Uholanzi mchezaji asiye wa Umoja wa Ulaya lazima alipwe asilimia 150 ya wastani wa mishahara ya ligi. Klabu ya kawaida haiwezi kubahatisha Mwafrika kwa bei hiyo. Ubelgiji kiwango cha chini ni sehemu ndogo ya hicho. Halafu ongeza hii: klabu za Ubelgiji zikikata kodi kwenye mshahara wa mchezaji zilikuwa zinaruhusiwa kubaki na 80% ya zile zilizokatwa. Unakata kwa jina la serikali, unaweka mfukoni. Kwa wachezaji wa miaka 26 na kuendelea sharti nusu uitumie kufundisha vijana, wa chini ya hapo hakuna hata sharti. Ndiyo maana nchi hii ndogo imekuwa kituo cha daladala: Waafrika wanashuka hapa, wananolewa, wanapanda la Uingereza.

Sheria waliikaza 2022 lakini sehemu kubwa ya nafuu imebaki. Wanasiasa huku wanasema ni ruzuku kwa matajiri. Huenda. Ila bila ruzuku hiyo sijui kama Mtanzania angefunga goli ligi kuu ya Uingereza, dhidi ya Bournemouth, tarehe 1 Februari 2020. Nilikuwa zamu siku ile, simu nimeegemeza kwenye boksi.

---

Karani_wa_Mishahara

@Dogo_wa_Limburg hii ya kubaki na 80% imeniondolea usingizi. Mimi nikichelewesha makato siku tatu naandikiwa barua.

Turudi Italia maana ndiyo iliyoanzisha ugomvi wa Mbagala. Amri ya ukuaji ya 2019: umeishi nje miaka miwili, unahamia Italia, ukikaa angalau miwili, nusu ya mshahara wako wa mpira haitozwi kodi. Milan wakamrudisha Ibrahimović, wakamleta Giroud, 2022 wakachukua ubingwa. Inter, Lukaku. 2023 timu tatu za Italia kwenye fainali tatu za Ulaya, zote zikafungwa. 2024 Atalanta wakabeba Europa. Na ilikuwa tarehe 1 Januari 2024 nafuu ikafutwa kwa mikataba mipya.

Lakini angalia tena jedwali. Mgeni 6.37, Muitaliano 8.77, mkononi wote wanabeba 5. Ungekuwa mkurugenzi wa ufundi ungemchukua nani? Kila mgeni mmoja alikuja na kuponi ya milioni 2.4 iliyolipwa na mwalimu wa shule ya msingi Bari. Eti kulikuwa na mchango wa asilimia nusu kwa ajili ya soka la vijana. Asilimia NUSU. Machi 2022 Italia wanafungwa na Makedonia Kaskazini pale Palermo, Kombe la Dunia la pili mfululizo wanalitazama kwenye televisheni.

---

Bi_Takwimu

Hapana, hapo umeteleza. Julai 2021, ndani ya amri hiyohiyo, Italia walikuwa mabingwa wa Ulaya. Na Kombe la Dunia la 2018 walilikosa kabla amri haijazaliwa. Ukitaka mfano wa pili: Hispania walikuwa na sheria ya Beckham kuanzia 2005, wakachukua Ulaya 2008 na dunia 2010. Kama punguzo la wageni linaua wenyeji, mbona Xavi na Iniesta hawakufa?

---

Karani_wa_Mishahara

Umenipata kwenye timu ya taifa, nafuta Palermo. Timu ya taifa ni watu ishirini na kitu, hao hawakosi namba popote. Anayekosa ni yule wa 200, kijana wa Bergamo wa miaka 22, mzuri wa wastani, anayeshindana na Mdenmaki mzuri wa wastani mwenye kuponi. Huyo hutamwona kwenye takwimu za kombe kwa sababu anachezea Serie C. Kuna wachumi waliopitia ligi 14 za Ulaya tangu miaka ya themanini, na walikuta hivyohivyo: nchi ikishusha kodi kwa wageni, wageni wazuri huja, na baadhi ya wenyeji wanasukumwa nje.

---

Kanzu_Nyeupe

Na nyinyi mnaotusema Hispania, mbona hamsemi kodi yenyewe watu walikuwa hawalipi? Messi 2016 miezi 21 ya kifungo cha nje, Ronaldo 2019 faini ya yuro milioni 18.8. Xabi Alonso yeye alikataa kukiri, akapambana mahakamani miaka na miaka akashinda.

---

Karani_wa_Mishahara

Kweli mkuu. Zile zilikuwa za haki za taswira: jezi, matangazo ya viatu, sura kwenye biskuti. Mshahara unakatwa hapohapo, taswira inauzwa kwa kampuni iliyoko Belize. Uingereza mchezo huo upo kwa njia halali, mchezaji anafungua kampuni yake, klabu inailipa taswira kando, inatozwa kodi ya kampuni badala ya 45. Kwa hiyo hata ile 9.09 yangu ipunguzeni kidogo. Nimejirekebisha mwenyewe kabla Bi Takwimu hajafika.

---

Chuma_cha_Reli

Na Saudia?

---

Mjukuu_wa_Kisumu

Saudia ni Monaco yenye gunia. Hapo sasa hakuna jedwali.

---

Bi_Takwimu

Swali la mwisho nilale. Hilo gunia la Waingereza linajazwa na nani?

---

Karani_wa_Mishahara

Zamani na Waingereza wenyewe na visahani vyao vya Sky. Kuanzia msimu wa 2022/23 mauzo ya matangazo ya nje ya nchi yalizidi ya ndani kwa mara ya kwanza. Nje ni Marekani, Asia, na sisi. Jero yangu ya Jumamosi ilikuwa na safari ndefu kuliko mimi.

---

Chuma_cha_Reli

Na hilo banda lenyewe linalipa kodi?

---

Karani_wa_Mishahara

Nilimuuliza mwenye banda wakati natoka. Ana king'amuzi kimoja cha nyumbani, watu themanini, hana mashine ya risiti. Akaniambia Jumamosi ijayo nikija niingie bure, ila nisikae karibu na watu na kalamu yangu.